Benchi na Meza za Mama Lishe wa Area C, Dodoma

Mgahawa ninaoueleza hapa hauna kibao. Wateja huutambua kwa mwarobaini mkubwa uliosimama nyuma ya jengo la ofisi huko Area C, na kwa moshi wa kuni unaoanza kuonekana alfajiri, kabla mabasi ya wafanyakazi hayajaanza safari ya kwenda Mtumba, kwenye mji wa serikali. Mwenye biashara, ambaye sisi wateja wa umri wa kati humwita Mama na vijana wa bodaboda humwita Shangazi, aliniruhusu kuandika habari za mgahawa wake kwa sharti moja kwamba nisimtaje kwa jina, nami nimelishika sharti hilo. Nimekuwa mteja wake tangu mwaka 2019, na kwa miezi minne iliyopita nimekuwa nikila kwake nikiwa na swali, swali ambalo mgahawa wenyewe ndio ulionipa.

Hadi mwanzoni mwa mwaka huu mgahawa ulikuwa banda la mabati lenye meza moja ndefu na mabenchi mawili, moja kila upande, ambapo watu kumi na wanne hukaa kwa kubanana. Mama alipopata akiba ya kutosha alikodi fremu iliyokuwa tupu pembeni mwa banda, akaitia vigae, akaweka feni, televisheni na meza sita ndogo zenye viti vya plastiki. Banda hakulivunja. Chakula cha sehemu zote mbili hutoka katika masufuria yaleyale, hupikwa na mikono ileile na kupakuliwa na binti yuleyule, na tofauti pekee ya malipo ni shilingi 500 anazoongeza mtu anayekaa ndani. Kutoka benchi hadi kiti cha plastiki ni hatua kumi. Lakini mtu niliyemwona Jumatatu benchini, akisalimia kila aliyemkuta na kuulizia hali ya nyumbani kwa mtu ambaye hata jina lake halijui, nilimwona Jumanne fremuni akila kimya, macho kwenye simu, bila kumpa neno jirani wa meza ya pili. Hakuwa amebadilika tabia kwa usiku mmoja, basi ni nini kilichomnyamazisha? Jambo hilo ndilo lililonifanya niutazame mgahawa huu kwa jicho la sosholojia, yaani elimu ya jamii, fani niliyoisoma chuoni, badala ya kutaja bei na ladha peke yake.

Bei na ladha, hata hivyo, zina haki yake ya kutangulia. Wali maharage ni shilingi 2,000, wali nyama 3,000, na kuku wa kienyeji, anayepatikana Jumatano na Ijumaa tu, ni 6,000. Wali ni mzuri, lakini ni wali wa kawaida wa mama lishe. Kinachostahili safari ni ugali wa uwele kwa mlenda, unaouzwa 2,000. Uwele na mtama ni nafaka za Ugogo tangu zamani kwa sababu huvumilia mvua chache, na mlenda huchumwa wakati wa masika, huanikwa, husagwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya miezi mirefu ya kiangazi, kwa hiyo sahani hii moja imebeba maarifa ya watu waliojifunza kuishi na mvua isiyotabirika. Mama huuchanganya mlenda na karanga zilizotwangwa, akaupika kwa moto mdogo mpaka uvutike vizuri, na ugali wake, wenye rangi ya kijivu, huja mezani ukiwa bado unatoa mvuke.

Mlenda una elimu yake. Mtu humega tonge, hulibonyeza kwa kidole gumba, hulichovya, kisha huzungusha mkono haraka ili uzi ukatike kabla haujafika kwenye shati. Mgeni asiyejua kuuzungusha mkono huonekana mara moja. Mwezi wa pili nilimwona kijana mmoja, kwa lafudhi yake mtu wa pwani, akihangaika na uzi huo benchini. Mzee aliyekaa mbele yake, fundi wa baiskeli ambaye hakuwa amewahi kumwona, aliinua mkono wake mwenyewe uliojaa ugali akasema, "Tazama hapa, mwanangu, geuza kiwiko, usivute." Kijana akageuza kiwiko, uzi ukakatika, na watu watatu wakampongeza kana kwamba amefaulu mtihani. Wiki mbili baadaye nikiwa fremuni nilimwona mama mmoja mwenye suti katika tatizo lilelile. Tuliomwona tulikuwa wanne, nami nikiwa mmojawapo. Hakuna aliyesema kitu, na mwishowe akaomba kijiko. Nilijiuliza siku nzima kwa nini sikumsaidia, na jibu la kweli ni kwamba nilihisi kufanya hivyo kungekuwa kumvunjia heshima. Benchini, kutokumsaidia ndiko kungekuwa kumvunjia heshima.

Georg Simmel, mwanasosholojia wa Berlin, aliandika mwaka 1910 kuhusu maana ya mlo katika jamii, na hoja yake huanzia mahali ambapo wengi wetu hatungefikiria kuanzia. Anasema kwamba fikra yangu naweza kumgawia kila mtu na bado nikabaki nayo, na ninachokiona wengine pia wanaweza kukiona, lakini chakula alichokila mtu mmoja hakiwezi kabisa kuliwa na mwingine. Kula, kwa kipimo hicho, ndilo tendo la ubinafsi kupita yote. Na kwa kuwa hakuna asiyekula, tendo hilohilo la ubinafsi ndilo lililogeuka kuwa sababu kuu ya watu kukutana. Simmel aliitazama pia sahani, akaona kwamba inamtengea kila mtu fungu lake, tofauti na chombo cha pamoja ambacho wote huchota humo. Sisi tuliolelewa kwenye sinia hatuhitaji kufafanuliwa zaidi: mtoto aliyekula sinia moja na ndugu zake anajua kwamba nyama haiguswi mpaka mkubwa aigawe, na kwamba kumega upande wa mwenzako ni utovu wa adabu.

Kwa Mama hakuna sinia. Kila mteja ana sahani yake. Ila benchini kuna vitu vitatu tu vya pamoja, yaani bakuli la pilipili, kisahani cha chumvi na jagi la maji ya kunywa, na siku zote kimojawapo kiko mbali na anayekihitaji. Nilichukua muda mrefu kutambua uzito wa jambo hili dogo. Anayetaka chumvi hana budi kusema, "Samahani kaka, nisogezee chumvi," na akishasema hivyo amekwisha kuanza mazungumzo na mtu asiyemfahamu, kwa lugha ya undugu, na mwenzake amemtendea jambo jema la kwanza. Sehemu kubwa ya mazungumzo ya benchini niliyoyafuatilia yalianzia kwenye chumvi au pilipili. Fremuni kila meza ina chumvi yake, pilipili yake na chupa yake ya maji. Hakuna anayehitaji kitu cha mwenzake, na kimya kinachofuata si cha chuki wala cha majivuno. Ni kimya cha watu ambao hawana sababu ya kusema. Ukiniuliza ni kitu gani hasa kinachowafanya wateja wa benchi wawe wachangamfu, nitaonyesha kisahani hicho cha chumvi kabla ya kusema lolote kuhusu mioyo yao.

Kunawa nako kuna historia yake. Nilipoanza kula hapa, binti alikuwa akizunguka na jagi na beseni, akimmiminia maji kila mteja, na alianzia kwa mkubwa wa umri hata kama mkubwa huyo ndiye aliyefika mwisho. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, ndoo zenye koki ziliwekwa kila mahali, na Mama akaweka yake chini ya mwarobaini. Ugonjwa ulipopungua ndoo ilibaki, na pamoja nayo ikabaki foleni, ambayo hufuata utaratibu mwingine kabisa, kwa sababu foleni haiulizi umri bali nani katangulia. Nilidhani foleni ingeishinda heshima ya umri. Haikuishinda, wala yenyewe haikushindwa. Kinachotokea, nimekiona mara nyingi, ni hiki: kijana aliye mbele akimwona mzee nyuma yake hupisha na kusema, "Tangulia, baba", mzee hukataa, "Nawa tu, mwanangu, umewahi", basi kijana hunawa haraka, kisha hafungi koki, bali huishikilia ikiwa wazi mpaka mzee amalize kunawa mikono yote miwili. Yule aliyekuwa anashika jagi katika utaratibu wa zamani sasa ni mteja mwenyewe. Sijui ni nani aliyekuwa wa kwanza kufanya hivyo, na hakuna aliyefundishwa, lakini leo kijana akiifunga koki na kuondoka bila kumtazama mzee, wengine huona.

Neno "karibu" ndilo lililonishughulisha kupita yote. Mtu anayekula benchini akimwona mwingine anafika husema "Karibu," na anayefika hujibu, "Asante, endelea." Sahani haigawanywi, na wote wawili wanajua kwamba haitagawanywa. Mfaransa Marcel Mauss, katika kazi yake ya mwaka 1925 kuhusu zawadi, alionyesha kwamba katika jamii nyingi zawadi hubeba wajibu wa aina tatu: wajibu wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha. Hapa kinachotolewa ni neno, na namna ya kulipokea ni kulikataa kwa shukrani, na namna ya kulirudisha ni kumkaribisha mwingine pindi chakula chako kikifika. Mtu anaweza kudhani basi kwamba ni neno tupu. Lakini kuna karibu mbili. Siku moja ya mwisho wa mwezi alikuja mzee ambaye huwa anapasua kuni za Mama, akakaa mwisho wa benchi bila kuagiza. Kondakta mmoja alimwambia "Karibu, mzee," mzee akajibu "Endelea, mwanangu." Kondakta akatulia kidogo, kisha akasema tena "Karibu," safari hii akiisogeza sahani yake kwa vidole viwili hadi katikati ya meza. Mzee akainuka, akaenda kunawa. Karibu ya pili, ile inayokuja na sahani, si ya adabu peke yake. Na hakuna aliyekuwa benchini siku ile aliyeshindwa kuzitofautisha. Nadhani ile ya kwanza, ambayo kila siku inakataliwa, ndiyo inayoiwezesha ya pili kutamkwa bila kumwaibisha mtu.

Uzito wa desturi hizi niliujua siku nilipozivunja bila kukusudia. Nilikuwa nimetoka kwenye kikao kirefu na kibaya, nikaenda benchini nikiwa na vidude vya masikioni, nikakaa bila kusalimia, nikala nikitazama sahani. Nilipoinua macho, benchi lilikuwa limenyamaza. Mzee fundi wa baiskeli aliniinamia, akanigusa bega na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Umefiwa, mwanangu?" Hakunikemea. Alitafuta sababu pekee ambayo, katika jamii yetu, inamruhusu mtu kupita mbele ya wenzake bila salamu, akaniazima sababu hiyo ili nisionekane mkosefu. Miaka ya 1960 mwanasosholojia wa Marekani, Harold Garfinkel, aliwapa wanafunzi wake zoezi la kwenda majumbani kwao na kuishi kama wapangaji, wakiongea na wazazi wao kwa adabu ya mgeni, na wazazi wengi walishtuka, wakakasirika, wakaanza kutafuta maelezo: labda mtoto ni mgonjwa, labda kazi zimemzidi, labda amegombana na mchumba. Garfinkel alitaka kuonyesha kwamba kanuni za kawaida hazionekani mpaka zivunjwe, na kwamba zikivunjwa watu hukimbilia kuziba ufa kwa maelezo. Niliyasoma hayo darasani nikayakariri kwa ajili ya mtihani. Niliyaelewa siku ile, mkono wa mzee ukiwa begani mwangu.

Kufikia hapo msomaji atadhani ninalipigia debe benchi dhidi ya fremu, na kwa wiki kadhaa ndivyo nilivyokuwa nikifikiri. Aliyenirekebisha ni mtumishi mmoja wa umma, dada wa makamo ya miaka thelathini, ambaye kila siku hukaa fremuni peke yake. Nilimuuliza kwa nini analipa 500 zaidi kwa chakula kilekile. Akanijibu, "Kaka, kule nje wali haujafika nimeshaulizwa nimeolewa au bado, na nikisema bado naulizwa kwa nini. Hapa ndani hakuna anayeniuliza." Sikuwa na la kusema. Maswali yaleyale ambayo kwangu ni ukunjufu, kwake ni ukaguzi, na mimi sikuwa nimeyaona kwa sababu hayaelekezwi kwangu. Mwanasosholojia Erving Goffman, mzaliwa wa Kanada, alikieleza kitendo kimoja cha watu wa mijini, cha kumtupia mtu usiyemjua jicho la mara moja kisha kuyaondoa macho, kuwa ni aina ya adabu: unamjulisha kwamba umemwona, na papo hapo unamwachia nafasi yake. Kimya cha fremuni, ambacho nilikuwa nakihesabu kama upungufu, kwa dada huyu ndicho anachokilipia, na anakipata. Nilipohesabu kwa siku tano mfululizo, wanawake waliokuja bila mwenzi walikaa ndani karibu wote. Benchi lina joto, lakini joto lake halimfikii kila mtu kwa namna moja, na mwandishi wa tathmini asiyesema hivyo atakuwa amewaandikia nusu tu ya wateja.

Jambo jingine la Goffman lipo hapa mbele ya macho. Alipokuwa akifanya utafiti katika visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliona jinsi wahudumu wa hoteli walivyobadilika walipovuka mlango kutoka jikoni kwenda ukumbini, na kutokana na hayo akaeleza kwamba maisha yetu yana upande wa mbele wa jukwaa na upande wa nyuma. Banda la Mama halina upande wa nyuma. Jiko liko wazi: unamwona binti akichambua mchele, unamsikia Mama akimkaripia muuza nyanya, unaona sahani zikisuuzwa. Fremu ina ukuta na dirisha dogo ambamo sahani hupitishwa. Na wateja ambao nimewasikia wakitilia shaka usafi wa jikoni ni wa fremuni, ambako vigae vinang'aa. Wa benchini hawana shaka, kwa sababu jiko wameliona. Huduma ya ndani, hata hivyo, ni ya heshima zaidi kwa maneno. Binti yule anayenipa sahani nje kwa kusema "Chukua, kaka," ndani huniambia "Karibu sana, bosi." Vitambulisho vya kazi vinavyoning'inia shingoni vina sehemu yao katika hili. Nimemtazama mzee mmoja wa ofisi ambaye akienda benchini hukivua kitambulisho chake na kukitia mfuko wa shati kabla ya kukaa, na akiingia fremuni hukiacha kifuani. Benchini anataka kuitwa baba. Fremuni haoni ubaya kuitwa mheshimiwa.

Malipo yanastahili maelezo, kwa sababu hapo mabadiliko ni makubwa na si yote ya kufurahisha. Benchini kuna daftari la madeni, lenye karatasi zilizolainika kwa mafuta, ambamo wateja wameandikwa kwa sifa zao: fundi baiskeli, mwalimu mrefu, yule wa pikipiki nyekundu. Mwisho wa mwezi, au siku kazi ikipatikana, mtu hulipa na jina hukatwa kwa mstari mmoja. Kuna pia desturi ya kulipiana. Mtu anamaliza kula, anamwendea Mama ili alipe, anaambiwa, "Imeshalipwa," na aliyelipa ameshaondoka au anajifanya kuangalia pengine. Sanaa yote imo katika kuondoka kabla ya kugunduliwa, ili anayelipiwa asibishe na asilazimike kushukuru mbele za watu. Tangu Mama apate lipa namba, fremuni watu hulipa kwa simu wakiwa wamekaa, kila mmoja kiasi chake, na ujumbe humwonyesha nani kalipa na saa ngapi. Ni rahisi, haina tatizo la chenji, ambalo kwa noti ya 10,000 saa saba mchana lilikuwa kero kubwa, na Mama anasema fedha haipotei tena. Lakini daftari haliingii fremuni, na katika miezi hii minne sijasikia neno "imeshalipwa" ndani ya zile kuta hata mara moja. Ili kumlipia mtu kwa siri unahitaji kaunta ya kuinukia na kumwendea Mama sikioni.

Hapa mjini kuna malalamiko ambayo kila mwenyeji ameyasikia, kwamba watu wamekuwa wakavu tangu serikali ilipohamia, na kwamba waliotoka Dar es Salaam ndio waliotuletea ukavu huo. Mji kweli umebadilika upesi. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulifanywa mwaka 1973, lakini kwa miongo mingi ulitekelezwa polepole, mpaka Rais Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba serikali yote ingehamia. Mwaka 2018 manispaa ikapandishwa hadhi kuwa jiji, na sensa zinaonyesha idadi ya watu ikiongezeka kutoka 410,956 mwaka 2012 hadi 765,179 mwaka 2022. Mji ukikua kiasi hicho ndani ya miaka kumi, watu wengi unaokutana nao ni wageni kwako nawe ni mgeni kwao. Hata hivyo, kwa Mama nimeona watu waliokuja na serikali wakiwa benchini wachangamfu kuliko wazaliwa, na nimeona wazaliwa wa Chamwino wakiwa fremuni wamenyamaza kama abiria wa ndege. Mtumishi mmoja wa asili ya Tabora hufika benchini na kuwaambia Wagogo waliopo kwamba amekuja kudai hongo (ushuru wa njia wa zamani) ambayo babu zao waliwatoza wapagazi wa Kinyamwezi kwa kupita na kunywa maji katika ardhi ya Ugogo, jambo ambalo misafara ya karne ya 19 ililijua vizuri. Wanamjibu kwamba deni bado liko upande wake na riba imeongezeka. Utani wa Wanyamwezi na Wagogo ni wa siku nyingi, nao unampa mgeni huyu kiti kabla hajakaa. Fremuni sijamsikia akiufanya. Utani unahitaji wasikilizaji, na meza ya watu wawili haina wasikilizaji.

Kwa hiyo siamini kwamba watu wetu wamekauka. Ninaamini kwamba tunajenga mahali pengi pa fremu na pachache pa benchi: migahawa yenye meza za wawili, malipo yasiyohitaji kuinuka, chumvi kwa kila meza, na saa ya chakula iliyobanwa na usafiri wa kurudi ofisini. Tukiwaweka wachangamfu wale wale katika mpangilio huo watanyamaza, na nimeshuhudia wakinyamaza kwa hatua kumi tu.

Kasoro zipo na nizitaje. Choo ni kimoja kwa sehemu zote mbili na mlango wake haufungi sawasawa, jambo ambalo kwa bei ya fremuni halikubaliki. Kati ya saa saba na saa saba na nusu kusubiri huweza kufika dakika ishirini na tano, na anayekula benchini hucheleweshwa zaidi, kwa kuwa oda za ndani hupakuliwa kwanza. Miezi ya Julai hadi Septemba upepo wa Dodoma huingiza vumbi bandani, na turubai lililotundikwa upande wa mashariki halitoshi. Televisheni ya fremuni huwekwa sauti kubwa mno. Kwa mlenda, fika kabla ya saa sita na nusu, kwa sababu huisha. Jumapili hapafunguliwi.

Kuna jambo moja nililomwomba Mama. Wiki tatu zilizopita mafundi walianza kufunga sinki ndani ya fremu, na likikamilika wateja wa ndani hawatakuwa na haja ya kwenda kwenye ndoo chini ya mwarobaini, ambapo hadi sasa watu wa pande zote mbili husimama foleni moja na kushikiliana koki. Nilimweleza kwa nini naona ni hasara. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiendelea kupakua, kisha akasema, "Nimekuelewa, mwanangu, lakini bwana afya ameagiza sinki, na kina dada wa ndani hawapendi kutoka juani na mikono yenye maji." Yote mawili ni kweli. Leo mchana sinki lilikuwa limeshafungwa, bomba lake bado halijaunganishwa, na kwenye ndoo walikuwapo watu watano, wawili kati yao wakiwa na vitambulisho shingoni.